Ile shule ya watahiniwa tisa

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, mtoto wa kaka akanitumia meseji, "Shangazi shikamoo, hivi shule yetu ni bora kuliko ya binamu?" Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, kwa hiyo watoto wanapiga wastani wenyewe kwenye simu. Nikaikumbuka ile jioni ya chaki.

Ilikuwa enzi za tasnifu, data za shule za msingi zimeshasafishwa, umeme unakatika kila saa, yote hayo nayaruka. Prof akaingia, kompyuta hakuigusa, akaandika 800 ubaoni. Tuseme ni wanafunzi 800 kutoka shule 20, kila shule 40, je hawa ni watu 800 kweli? Wa shule moja wana mwalimu yuleyule, wanakosa vitabu vilevile, mvua ikinyesha wanavuka mto uleule. Tuchukulie asilimia 20 ya tofauti za alama iko kati ya shule na shule, iliyobaki iko kati ya watoto ndani ya shule. Kila mtoto ana wenzake 39 shuleni, 39 mara 0.2 jumlisha 1, ni 8.8. Gawa 800 kwa hiyo 8.8. Yaani ukitafuta wastani, hao 800 wana uzito wa watoto kama 91 waliookotwa mmoja mmoja nchi nzima. Darasa lilinyamaza kabisa. Akatupa na mfano wa Uingereza, utafiti wa 1976 uliodai ufundishaji wa kizamani ndio unaofaulisha, alafu 1981 Murray Aitkin na wenzake wakaichambua upya data ileile wakizingatia kwamba watoto wamekaa kwa madarasa, na ile tofauti haikusimama tena.

Ila kilichonibaki mimi ni alichochora baadaye. Shule mbili, zote zimepita wastani wa jumla kwa alama 20, moja ina watahiniwa 90, nyingine 9. Modeli ya ngazi nyingi, yaani hesabu inayowatazama watoto na shule zao kwa pamoja, haiziamini sawasawa. Ya 90 inaiachia kama 19, ya 9 inaivuta kurudi kwenye wastani mpaka 14 hivi, kwa sababu kwenye kundi dogo wakitokea watoto wawili wakali tu wastani wote unaruka. Akachora mshale mrefu kwenda chini, taratibu, chaki inalia.

Na mimi shule kama hiyo nilikuwa nayo kwenye data. Nilifika, nikamwona mwalimu mkuu akifundisha madarasa mawili kwa zamu huku mlango uko wazi, watoto wanasoma kwa sauti bila kuambiwa. Nikasema, Prof, hii naijua, hawa hawajabahatisha. Akaweka chaki chini, akafikiri, akanijibu kwa upole, "Unachokijua wewe modeli haijakiona. Iletee matokeo ya mwakani, na ya mwaka unaofuata."

Tasnifu haikunipa huo muda. Kihesabu namkubali mpaka kesho, ukikadiria shule nyingi kwa pamoja, kwa ujumla njia hiyo inakosea kidogo kuliko kuamini kila wastani ulivyo, na ndiyo ninayoitumia kazini. Lakini yule mwalimu mkuu ana shule moja tu, na bado sijapata namna ya kumweleza zile alama sita tulizompunguzia ni za nani.