Kumbukumbu ya kitalu: mininga tuliyoizika imechipua

Mvua za kwanza zimeshuka Tabora na miche ya mininga kwenye kitalu cha kikundi chetu imechipua. Si yote. Lakini safu ya ukutani, ambayo wenzangu wengi kikundini walishaiandikia hati ya kifo, ina machipukizi yenye vinyweleo, yametokea usawa wa udongo kando ya vijiti vikavu vya mwaka jana.

Kufa shina kila kiangazi ndiyo tabia ya mninga mchanga. Porini huendelea hivyo miaka kadhaa, mzizi ukijijenga chini, mpaka upate nguvu ya kusukuma shina lisilorudi nyuma. Hilo tunalijua. Shida ni kwamba ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, mche uliolala na uliokufa inafanana kabisa. Kila kikao lilikuwa lile lile: "Mwenyekiti, hii imekufa, tumwage udongo tuatike miti mingine, mikora." Na kila nikigeuka, mtu mwenye huruma ameshika keni anamwagilia vijiti. Huruma hiyo ndiyo inayoua!

Nimepasua viriba kadhaa nijiridhishe. Vya karibu na bomba, vilivyokuwa vikilowa kiangazi kizima: mzizi mweusi, laini, unanuka. Vya ukutani, vikavu: mzizi mnene kama karoti, ukiukwaruza kwa kucha chini ya gamba kuna ubichi. Ila ulipofika kitako cha kiriba umejikunja na kuzunguka. Hapo ndipo roho iliniuma. Mti unaoishi kwa mzizi wake, sisi tumeufungia kwenye kiriba kifupi cha kahawa.

Kuhusu kutoa mbegu, sibishani tena na watu wa panga. Panga linapasua tunda na mbegu humo humo. Mkasi wa kupogolea, unakata bawa kwanza kuzunguka, halafu unabana ukingo wa kile kitovu chenye miiba taratibu mpaka kiachie. Vaa glavu, ile miiba haina adabu. Kazi yote hiyo kwa mbegu moja, ukibahatika mbili.

Wiki hii nilipanga kuweka vibao kwenye mipingo. Vitasubiri. Nimeshaomba kona ya shamba la mwenzetu tupande mbegu za mninga moja kwa moja ardhini, bila kiriba, tuchanganye na udongo wa chini ya mninga mkubwa. Na keni nimelifungia stoo, ufunguo ninao mimi.