Kumbukumbu ya mradi: mbolea tutani, mboga chupani

Maharage mabichi yameanza kuvunwa na nyanya zinageuka rangi, kwa hiyo kazi ya chupa imeanza. Msimu huu ninaandika kila mbolea inayoingia tutani na kila chupa inayotoka jikoni, nione mbolea inagusa wapi usalama wa mboga ninazohifadhi.

Samadi. Niliitia mapema, ikiwa imeoza vizuri. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingie shambani angalau siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusana na udongo, na siku 90 kwa isiyogusana nao. Hapo wanaolengwa ni vimelea kama E. coli na salmonela. Ninayemwogopa kwenye chupa ni mwingine, bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Huyu anaishi udongoni, uwe umetiwa samadi, yurea au haukutiwa kitu. Spora zake, yaani mbegu zake ngumu zinazolala, hustahimili maji yanayochemka, na zikifungiwa mahali pasipo hewa wala asidi ya kutosha huamka na kutoa sumu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai mboga ya mboji, kwa kuwa ni "safi", haihitaji kuchemshwa kwenye sufuria ya presha. Imetoka ardhini kama nyingine zote.

Maharage. Tuta moja lilipata mbolea ya kupandia tu, jingine nikaliongezea ya kukuzia yenye naitrojeni nyingi. La pili lina majani ya kijani kizito na maganda yaliyojaa maji. Chupani tofauti ikazidi: maganda ya tuta la pili yalilegea, mengine yakapasuka, ya tuta la kwanza yakabaki na ugumu wake.

Hapa ndipo nilipopata jambo nililokuwa nikilitafuta. Maganda kulegea si hatari. Hatari ni kishawishi kinachofuata, cha kupunguza dakika ili yasilegee. Muda ule umewekwa kwa ajili ya spora, ambazo hazijali ulitumia mbolea gani. Chupa za nusu lita nazipa dakika 20 ndani ya sufuria kubwa ya presha ya kuhifadhia, kwa presha ya paundi 11 kwenye kipimo cha mshale, baada ya kuacha mvuke utoke dakika 10 kabla ya kufunga tundu la mvuke. Presha hiyo inatosha hadi mwinuko wa mita 600 hivi. Juu ya hapo inaongezwa. (Sufuria ndogo ya presha ya kupikia haifai: hupata moto na kupoa haraka mno kwa vipimo hivi.) Nikitaka maganda magumu zaidi, nitapunguza naitrojeni tutani. Dakika zinabaki 20.

Naitrojeni ikizidi, mboga hasa za majani hulimbikiza naitreti, na naitreti hula bati la ndani ya mkebe usiopakwa rangi ya kinga. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, imeweka kikomo cha miligramu 250 za bati kwa kilo ya chakula cha mkebe. Mimi natumia glasi, kwa hiyo hilo nawaachia wenye viwanda.

Nyanya. Potasiamu ya kutosha huongeza asidi kwenye tunda, na nimeitia. Lakini nyanya huchezea karibu na pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua), mpaka ambao juu yake botulinum anaweza kuota, na aina ya mbegu na kiwango cha kuiva navyo huisogeza. Siwezi kukisia asidi kwa kutazama mfuko wa mbolea. Kila chupa ya nusu lita inapata kijiko kikubwa cha maji ya limau ya kiwandani, ambayo asidi yake haibadiliki kama ya limau bichi.

Zilizooza kitako, ugonjwa unaoletwa na upungufu wa kalsiamu na kuchochewa na naitrojeni nyingi na umwagiliaji usio na mpangilio, haziingii chupani hata nikikata sehemu mbovu. Ukungu ukishaota pale hupunguza asidi ya tunda. Hizo zinaenda kwenye mboji.

Tuta la karoti bado. Nimelinyima mbolea ya kukuzia kabisa, na kabla ya kufungwa chupani zitasuguliwa, zimenywe, zioshwe tena.