Mipaina ya Mufindi haitoshi kusomesha daktari

Baraza la mitihani, NECTA, wakishatoa matokeo ya kidato cha sita, simu yangu haipoi. Mimi ni mhasibu wa SACCOS, basi ukoo mzima umeshaamua kwamba hesabu za chuo ni kazi ya mamdogo. Mwaka huu ni zamu ya binti wa dada yangu. PCB: Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D. Daraja la pili, pointi 10, na kwa NECTA pointi chache ndizo nzuri. Kwa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, hesabu inageuka, A ni 5, C ni 3, D ni 2, kwa hiyo kwao ana pointi 8.

Kitabu cha mwongozo cha TCU kinasema udaktari unataka D tatu, yaani pointi 6. Shemeji akaishia kusoma hapo hapo. Akanitumia ujumbe kutoka Mufindi: anauza mipaina yake, mtoto akawe daktari.

Jamani, pointi 6 zinakupa ruhusa ya kuomba tu. Vyuo vya serikali vinapanga waombaji kuanzia wa juu kushuka mpaka nafasi ziishe, na Muhimbili huko wenye A ndio wanaosukumana. Mwenye 8 atapata chuo binafsi. Tukafungua ada ya kimoja: mwaka mmoja tu unazidi anachobakiza dada kwenye genge lake la nyanya na vitunguu mwaka mzima. Udaktari ni miaka mitano. Mipaina ile bado michanga, mnunuzi angeitaka kwa bei ya nguzo za fensi, na hela yake ingefika mwaka wa pili kwa kuchechemea. Wa tatu tuuze nini?

“Si kuna Bodi ya Mikopo?” Ipo, na tumeomba. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, fomu ina mhuri wa serikali ya mtaa na wa wakili. Lakini kuna wanaopata asilimia mia, wanaopata sehemu, na wanaokosa kabisa, kwa hiyo mimi siandiki mkopo upande wa mapato mpaka jina lionekane. Hata akipata, boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, halimsubiri getini siku ya kuripoti. Bima ya afya ya NHIF 50,400, ada ya TCU 20,000, godoro, nauli, chakula cha wiki za mwanzo: hizo ni taslimu kutoka mfukoni. Na akikosa hosteli Dar, mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Nikamuuliza: koti jeupe tuliweke pembeni, kwenye hiyo kazi unapenda nini hasa? Akafikiri, akasema watoto wadogo. Akaanza kunieleza habari za udumavu, yaani mtoto kubaki mfupi kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni. Kweli inauma: Iringa tunalima mahindi, viazi, maharage, parachichi, na bado utafiti wa kitaifa wa 2022 ulitukuta tunaongoza nchi nzima, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Basi tukarudi kwenye kitabu, safari hii kwenye safu ya nafasi na safu ya miaka. Lishe, SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, miaka mitatu, ada ya chuo cha serikali, na basi la Iringa linamshusha kabla hata ya kufika Dar. Ikawa chaguo la kwanza. La pili uuguzi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Udaktari wa chuo cha serikali tumeuombea pia, maana sitaki aje aniambie nilimzuia.

Shemeji kanuna. Anauliza kama lishe ni kwenda kusomea kupika. Dada kamjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi, siandiki hapa.

Sasa tunasubiri majina ya waliochaguliwa awamu ya kwanza. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja itabidi athibitishe kimoja kwa namba ya siri atakayotumiwa kwenye simu. Nimemwambia asiguse hiyo namba kabla hatujakaa na fomu za kujiunga za vyuo vyote, mimi na kikokotoo changu, tukasoma michango yote mpaka ukurasa wa mwisho.