Kalamu ya Chuma

Neno: Ayubu 19:23-25

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi uliopita tulikaa sebuleni kwa marehemu mama, ndugu wanne na karatasi moja, tukitafuta maneno ya kaburi lake. Fundi wa marumaru hutoza kwa herufi. Kaka akaandika yale tuliyoyazoea: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa; jina la Bwana na libarikiwe." Akahesabu herufi, akashauri tuishie "ametwaa", tuweke nukta.

Nikakataa. Pale pana nukta-mkato, na Ayubu anaendelea mpaka kwenye sifa. Tukikata hapo, anayebaki kwenye jiwe ni Mungu wa kuchukua tu. Ndipo mdogo wetu wa mwisho, aliyemuuguza mama miezi yote ile, akasema taratibu: "Dada, andikeni. Ila mimi hicho kipande cha mwisho bado hakinitoki mdomoni." Hakuna aliyemkemea.

Usiku nikamrudia Ayubu. Maneno yale ya sura ya 1 aliyasema siku ile ile ya msiba. Lakini alipotamani maneno yake yachorwe katika mwamba milele, "kwa kalamu ya chuma na risasi" (risasi hii ni ile madini, si ya bunduki), tulikuwa tumeshafika sura ya 19. Alikuwa ameshailaani siku aliyozaliwa, amelalamika, amegombana na rafiki zake. Na mara baada ya kulitaja jiwe anasema: "mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai".

Hayo tukakubaliana wote wanne.

Fundi alileta mchoro akiwa ameyafunga maneno kwa alama za kunukuu. Nikamwomba aziondoe. Zikiwapo, anayesema ni Ayubu, sisi twamsikiliza kwa mbali. Zikiondoka, yeyote atakayesimama pale akasoma, "wangu" inakuwa yake. Nukta baada ya "yu hai" tuliiacha. Hapo ndipo mahali pake.

Jumamosi jiwe likawekwa. Mdogo wetu alipiga magoti, akafuta vumbi la saruji kwa kidole, herufi baada ya herufi, huku akisoma kwa sauti. Alipofika "wangu" alinyamaza kitambo, kisha akamalizia.

Mkumbukeni katika maombi juma hili. "Libarikiwe" bado hajaisema.