Saa kumi na nusu ya alfajiri, saa kumi na nusu ya jioni

Nafanya kazi kwenye ofisi ya madalali wa hisa hapa Mombasa. Siku ninayoisimulia ni Jumatatu ya tarehe 10 Machi 2025, ndani ya Ramadhani.

Saa kumi alfajiri. Mama amepasha wali wa nazi na kunitengea daku. Mkono wa kulia unakula, wa kushoto unafungua simu. Tokyo wako sokoni tangu saa tisa usiku. Saa kumi na nusu Hong Kong nao wanafungua, na mimi bado nina muda wa kumalizia chai kabla ya adhana ya alfajiri.

Kilichoniondoa usingizini mapema zaidi ni jambo lingine. Jana Jumapili Marekani walisogeza saa zao mbele kwa saa moja. Sisi hatusogezi. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini ya ikweta, mchana na usiku wetu karibu ni sawa mwaka mzima, na hesabu yetu ya saa inaanza kukipambazuka, kama walivyohesabu wazee. Basi New York, iliyokuwa ikifungua saa kumi na moja na nusu jioni tangu Novemba, leo inafungua saa kumi na nusu. London bado haijasogea. Watasogea Jumapili ya tarehe 30. Wiki tatu hizi ndizo zinazowapoteza watu. Mwishoni mwa Oktoba inakuja wiki moja nyingine ya namna hiyo, Ulaya wakiwa wamerudisha saa nyuma na Marekani bado.

Miaka miwili nyuma, Jumatatu kama hii, nilimwambia mteja kwamba soko litafungua saa kumi na moja na nusu. Alitaka kuuza mapema, mara tu likifunguliwa. Tulipoingia, lilikuwa limeshafanya kazi saa nzima na bei aliyoitaka imepita. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikutegemea wewe." Tangu siku hiyo nikiandika saa ya soko lolote, naiandika kwa saa yetu ya Kiswahili, na naihesabu mara mbili.

Saa moja na nusu asubuhi niko ofisini naandika ujumbe wa wateja. Tokyo inafunga saa tatu na nusu. Hong Kong inafunga saa tano. London inafungua saa tano. Mstari wa mwisho nauandika kwa herufi kubwa: NEW YORK LEO NI SAA KUMI NA NUSU JIONI. Nausoma kwa sauti, kisha nautuma.

Saa tatu na nusu Nairobi wanaanza kununua na kuuza, na dakika hiyohiyo Tokyo wanafunga. Haikuwa hivyo zamani. Tokyo walikuwa wakifunga saa tatu kamili kwa saa zetu, mpaka Novemba 2024 walipoongeza nusu saa. Nikkei, kipimo cha bei za hisa za Tokyo, imepanda kidogo. Wateja wangu wengi wako kwenye Safaricom, Equity na KCB, na asubuhi yote inaisha kwenye oda zao.

Saa tano Hong Kong wanafunga wakiwa wameshuka karibu asilimia 2, na London wanafungua. Napenda sana dakika hii, kwa sababu unaona kabisa soko moja likilikabidhi jingine siku. Lakini baada ya wiki tatu London watakuja saa nne, na makabidhiano hayo hayatakuwepo tena mpaka vuli yao.

Saa saba Mumbai wanafunga. Naenda kuswali adhuhuri.

Saa tisa, Nairobi wamemaliza, simu inalia. Ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini. Ana vipande vya mfuko unaofuata hisa za Nasdaq, soko la Marekani lenye makampuni mengi ya teknolojia.

"Assalam aleikum, mwanangu."

"Waaleikum salaam, baba. Saumu inakwendaje?"

"Alhamdulillahi. Nataka kuuza vile vipande, karo ya mjukuu imefika. Ni saa kumi na moja na nusu, sivyo?"

"Leo ni saa kumi na nusu, baba."

Akanyamaza kidogo. "Nani kaibadilisha?"

"Wao wenyewe, jana. Ndiyo maana nikaandika kwa herufi kubwa."

"Herufi nimeziona. Nilidhani umekosea."

Tukapatana tuweke kikomo cha bei, asiuze chini ya hapo, kwa sababu dakika za mwanzo bei huruka huku na huku. Nikamkumbusha pia kwamba tangu Mei 2024 mauzo ya hisa Marekani yanakamilika siku moja ya kazi baadaye, ila pesa kufika benki huku ni safari nyingine, asimwahidi mjukuu kesho.

Saa kumi na nusu kengele ya New York. Bei zinafungua chini. Jana kwenye televisheni Rais Trump aliulizwa kama uchumi utadorora mwaka huu na hakukataa moja kwa moja, na watu wana hofu ya ushuru. Robo saa baadaye vipande vya mzee vimeuzwa, juu ya kikomo chetu. Nampigia. Anasema "Shukran, mwanangu" mara tatu.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, tende na uji. New York na London bado wako pamoja mpaka saa moja na nusu. Kwa kawaida hukutana saa mbili tu kwa siku. Wiki tatu hizi ni saa tatu, na hapo wanunuzi na wauzaji huwa wengi. Mimi nakwenda tarawehe.

Saa tano usiku New York wanafunga. S&P 500, kipimo cha hisa za makampuni makubwa ya Marekani, imeshuka asilimia 2.7, Nasdaq asilimia 4, na Tesla, kampuni ya magari ya umeme, zaidi ya asilimia 15 kwa siku moja. Naandika ujumbe wa kesho nikiwa nimekaa barazani, maana wateja wataamka na maswali.

Saa sita usiku Wellington wanafungua. Kwao ni saa nne asubuhi, na tayari ni Jumanne. Naangalia bei zao za kwanza, kisha natega saa ya daku.