Goti lilivyoacha kuniita

Dakika ya saba ndiyo iliyokuwa ikinishinda. Nakaa mkekani, macho nimefumba, nafuata pumzi. Ikifika hapo goti la kushoto linauma, mguu unakufa ganzi, na tafakuri yote inahamia kwenye goti.

Wakati huo nilikuwa nasoma Pune, India. Mtaani kwetu alikuwepo mzee mmoja mstaafu aliyefundisha yoga barazani kwake, watu wakimwita Kaka. Kwa Kimarathi, lugha ya huko, kaka ni baba mdogo, lakini mimi mtoto wa Tanga ilinichukua muda kumwita hivyo mtu wa umri wa babu yangu. Nilimwendea nikitaka kutafakari tu. Hayo ya kujipindapinda niliyaona sarakasi.

Hakubishana. Aliniuliza kama najua maana ya asana. Nikasema ni mazoezi, akacheka. Asana asili yake ni kikao, neno lililotokana na kitenzi cha Kisanskriti cha kuketi. Patanjali, mwandishi wa kale wa yoga, katika sutra zake, yaani kauli fupifupi, zipatazo 196, kaizungumzia katika tatu tu, na ya kwanza ina maneno matatu: sthira sukham asanam, yaani mkao uwe imara na wa raha. Hakutaja hata mkao mmoja kwa jina. Katika ngazi zake nane za yoga, asana ni ya tatu; dhyana, ile tafakuri niliyoitaka, ni ya saba. Hata kitabu cha Hatha Yoga Pradipika cha karne ya 15 kinaeleza mikao 15 tu, na mingi ni ya kukaa.

"Na wewe unataka ya saba kwa nyonga hizo?"

Nyonga! Mimi nilikuwa nalisingizia goti. Nikikunja miguu, magoti yalibaki juu ya kiuno, mgongo ukajikunja kama wa kamba wa baharini, na uzito wote ukaelemea pasipostahili. Babu yangu alikaa kwenye jamvi la maulidi tangu isha mpaka usiku wa manane bila kunyoosha mguu. Mimi nilikulia kwenye dawati.

Kaka alikunja blanketi mara nne, akanisukumia chini ya makalio. Magoti yakashuka papo hapo. Kisha kila jioni, kabla ya kukaa, nusu saa ya mikao: nyayo kukutana na magoti kuanguka pembeni, kama wakaavyo washona viatu wa kule, kuinama mbele, halafu vajrasana, ambayo niliiweza siku ya kwanza kwa sababu haiko mbali na kikao cha tahiyatu. Mwisho kulala chali kama maiti, mpaka pumzi itulie yenyewe.

Nilikosea mara moja. Niliona video ya padmasana, kila wayo juu ya paja la pili, nikajilazimisha peke yangu chumbani. Nilichechemea wiki mbili, na Kaka alinigombeza mbele ya watu.

Mwezi wa tatu, jioni moja, nilifumbua macho nikakuta dakika ishirini na tano zimepita. Akili ilikuwa imezurura vilevile: ada, mtihani, wali wa nazi. Lakini kila nilipoirudisha kwenye pumzi, hapakuwa na mguu wa kuivuta upande mwingine.

Padmasana sijaiweza mpaka leo. Blanketi nilirudi nalo Tanga, na mama kila akifagia sebule hulitundika kwenye kamba ya nguo akidhani nimelisahau.