Karibu na Mlango

"Mama, mbona sisi huketi karibu na mlango kila mahali?"

Kitindamimba wangu aliniuliza hivyo Jumapili, kanisani, mahubiri yakiendelea. Nikamwambia tutaongea nyumbani. Nyumbani hatukuongea. Usiku usingizi ukanipaa, nikaikumbuka ile siku ya mchezo wa kuigiza wa sungura na fisi, kabla yeye hajazaliwa, kaka yake akiwa na miaka 6.

Tulipanda matatu namba 58 kutoka Buruburu, Nairobi, muziki ukitikisa vioo, na kijana wangu ametulia tuli, kidole dirishani, anahesabu vituo. Watu hudhani mtoto mwenye usonji (autism) hawezi kelele yoyote. Wangu alikuwa anaujua ule muziki. Alijua utaanza tukipanda na utaisha tukishuka mjini. Ningelifikiria jambo hilo kabla ya kukata tiketi, labda mengi yangekuwa tofauti.

Ukumbini tulipewa viti vya katikati ya safu. Halafu, bila onyo, taa zote zikazimwa na ngoma ikalia pu!

Alipiga yowe. Akaziba masikio, akaanza kujirusha nyuma kwenye kiti. Mtu akasonya. Mwingine akasema, "Si amtoe tu huyo mtoto." Mhudumu akaja na tochi, akatumulika usoni, akanong'ona, "Madam, mtoe nje kwanza atulie." Nikatoka nikikanyaga miguu ya watu gizani, mtoto kifuani, nikisema samahani kila kiti. Zile samahani ndizo zinaniuma hadi leo. Mwanangu alikuwa ameogopa. Hakuwa amemkosea mtu.

Kwenye korido alilala kifudifudi, shavu kwenye sakafu ya simiti, kama afanyavyo akizidiwa. Nikaketi chini kando yake. Mara nikaona miguu: mitupu, imepakwa rangi ya madoadoa. Alikuwa fisi mwenyewe, anasubiri zamu yake kwenye mlango wa pembeni wa jukwaa, kinyago kwapani. Nikajua amekuja kutufukuza hata pale.

Akachuchumaa, si karibu sana. Hakusema pole. Hakuniuliza mtoto ana nini. Alikiweka kinyago sakafuni katikati yao, kisha akakigeuza, tukaona upande wa ndani: karatasi za gazeti zilizogandishwa kwa gundi, vipande vya sponji, mpira wa kufungia kisogoni. Mwanangu akafungua jicho moja. Baada ya muda akaingiza mkono ndani, akapapasa sponji. Akakivuta puani, akakinusa. Fisi akamwacha anuse.

Kisha akagonga sakafu kwa vidole viwili, polepole: tu-tu-ti. "Nikiingia, ngoma italia hivi. Mara tatu. Halafu watu watacheka." Akavaa kinyago. Akavua. Akavaa tena, ili mtoto aone kwamba uso wa mtu bado uko pale pale.

Mlango ukafunguka, akaingia, ukafungwa. Ngoma ikalia. Mara tatu. Watu wakacheka. Na kijana wangu, ambaye humtazama mtu machoni kwa nadra, akainua kichwa akanitazama mimi. Akagonga sakafu: tu-tu-ti.

Mchezo wote uliobaki tuliusikiliza pale koridoni. Ndani hatukurudi.

Baadaye sana nilisoma kwamba kule Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, tangu 2011 kumekuwa na maonyesho yanayoandaliwa kwa ajili ya watoto kama wangu. Taa hupunguzwa tu ukumbini, hazizimwi kabisa. Sauti za ghafla hutulizwa. Mtoto akisimama au akitoa sauti hakuna anayegeuka kumtazama, na kuna pembe tulivu ya kupumzikia. Familia hupewa mapema maelezo yenye picha: hapa ndipo utaingia, hapa utaketi, hapa patakuwa na kishindo. Nikalia. Ni yale yale aliyofanya fisi pale chini kwa dakika chache.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote. Miaka yote nilidhani hiyo ni habari ya kiti cha magurudumu na ngazi. Siku hizi nikiona tangazo la mchezo wa watoto hupiga simu kuuliza: taa zitazimwa lini? Ngoma kubwa italia mara ngapi? Kuna wanaonijibu kwa upole, na kuna wanaosema nipige baadaye.

Na nikifika, huomba kiti cha karibu na mlango.

Jana hatimaye nilimjibu kitindamimba. Nikamwambia tunaketi pale ili kaka aweze kutoka haraka akitaka. Akafikiri kidogo.

"Na yeye alisema anataka kutoka?"

Kaka yake sasa ana miaka 14. Sijawahi kumuuliza.